Kuusoma ukuta wa barabara: mwongozo wa kuchunguza matabaka ya volkano, Rungwe ikiwa darasa letu

Ukipanda gari Uyole kwenda Tukuyu, mkoani Mbeya, omba kiti cha dirishani. Kila mahali barabara ilipokata kilima, ukingo umebaki wazi kama mkate uliopitishwa kisu: juu udongo mweusi wenye mizizi ya migomba, chini yake mkanda wa changarawe nyepesi iliyopauka, halafu udongo wa kahawia, halafu mkanda mwingine. Abiria wengi hudhani ni mchanga wa ujenzi. Ni pumisi, lile jiwe lenye matundu linaloelea majini, ambalo wengi tunalijua kwa kusugulia visigino. Mkanda maarufu kuliko yote, ambao wanajiolojia wanauita Pumisi ya Rungwe, ulinyesha kama miaka 4,000 iliyopita mlima Rungwe ulipolipuka kwa nguvu kubwa. Athari zake zimepatikana hadi kwenye mashapo ya chini ya Ziwa Nyasa.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa jiolojia, mwalimu wa jiografia anayetaka kutoa darasa nje, au mtu yeyote mvumilivu anayeishi karibu na volkano. Nimeuandika kwa mfano wa Rungwe kwa sababu kuna volkano tatu kubwa zilizopangana, Ngozi, Rungwe na Kyejo, na barabara ya lami inayozipitia. Hatua zenyewe zinafaa Meru, Longonot au Menengai pia.

Kabla ya kutoka nyumbani

Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba. Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na ukuta wa pumisi uliolowa hukatika bila kuaga. Pita ofisi ya mtendaji wa kijiji ujitambulishe, kisha umwone mwenye shamba hata kama unachotaka ni ukingo tu wa barabara. Nyuma ya ukingo huo kuna viazi vya mtu. Kama ni utafiti rasmi, hasa wenye mgeni kutoka nje ya nchi, kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kinatangulia yote, na sampuli hazivuki mpaka bila karatasi zake.

Vifaa havina makuu. Jembe dogo au sepetu, mwiko wa fundi muashi, brashi ya rangi ya inchi mbili, futi ya fundi, nyundo, dira, kioo cha kukuzia mara 10, simu yenye GPS, maka peni, mifuko imara, karatasi ya foili ya jikoni, daftari lenye jalada gumu na penseli. Penseli, si kalamu ya wino. Ukungu wa Rungwe utakufundisha sababu yake. Ongeza kofia ngumu, miwani ya kukinga macho unapogonga mwamba, barakoa ya vumbi na fulana ya kung'aa, kwa sababu barabara ile ina malori ya mpakani Kasumulu yasiyopunguza mwendo kwenye kona.

Neno moja kuhusu hewa. Goma kuna neno la Kiswahili, mazuku, kwa mabonde madogo ambamo kaboni dayoksaidi hutuama na kuua kuku, mbuzi na hata watu. Leo neno hilo limeingia kwenye maandishi ya wanavolkano dunia nzima. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, haina rangi, na hujaa shimoni kama maji. Kuzunguka Kyejo nako hutoka ardhini kwa wingi kiasi cha kuvunwa na kuuzwa kwa matumizi ya viwandani. Kwa hiyo ukiona kidimbwi kinachotoa mapovu, au mizoga ya ndege na wadudu kwenye kibonde, usiiname kuangalia. Panda juu kwanza.

Hatua ya 1: Tafuta ukuta, na umtafute anayechimba

Ukuta mzuri ni ulio kwenye mgongo wa kilima au kwenye mteremko wa wastani. Bondeni matabaka huvurugwa na maji. Kwenye mteremko mkali huporomoka. Ukuta usiwe na majani mengi, usiwe umening'inia juu ya kichwa chako, na uwe na nafasi ya kusimama mbali na lami.

Watu wanaojua matabaka kuliko ramani yoyote ni mafundi wa kuchimba vyoo na visima. Wao wanajua kwa mikono: "Hapa utapiga udongo futi tatu, halafu utakuta mawe mepesi, hayo yanachimbika kirahisi ila yanabomoka, kisha udongo mgumu." Hiyo ni kumbukumbu ya tabaka kwa tabaka, tena bure. Msalimie fundi, mpe shikamoo kama umri wake unastahili, kaa naye ukingoni. Ukimuaga kwa "ndaga fijo" ya Kinyakyusa badala ya asante, kesho atakuonyesha mashimo mengine mawili.

Hatua ya 2: Kwangua

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Ukuta uliokaa wazi miaka kumi unadanganya. Udongo wa juu umetiririka ukafunika pumisi, kuvu na nyasi zimetia rangi zisizohusika. Chora mstari wima wenye upana wa kama mita moja, kisha kwangua kutoka juu kwenda chini mpaka ukutane na uso mpya, sentimita 10 hadi 30 ndani. Ukianza chini, utachafua ulichokwisha kusafisha. Tumia sepetu kwa kazi kubwa, mwiko kwa kunyoosha, na brashi mwishoni kabisa, kwa upole. Kwenye pumisi piga brashi kwa mlalo. Ukipiga wima unashusha chembe za tabaka moja kwenye jingine.

Usiguse nyundo bado.

Hatua ya 3: Tafuta udongo kabla ya kutafuta moto

Wanaoanza hukimbilia mkanda wa pumisi kwa sababu ndio unaong'aa. Mimi nasema anza na kile cha kahawia kilicho katikati. Mlipuko mkubwa unaweza kuisha kwa saa chache. Udongo wenye rutuba uliolala kati ya pumisi mbili ulihitaji mamia au maelfu ya miaka ya majani kuoza, mizizi kupenya na minyoo kugeuza. Muda wote wa mlima umehifadhiwa humo. Ukuta wenye mikanda miwili inayogusana bila udongo huenda ni mlipuko mmoja wenye vipindi viwili. Mikanda ileile ikitenganishwa na sentimita 40 za udongo ni milipuko miwili, na watu wanaweza kuwa wameishi vizazi vingi katikati yake bila kujua wanakalia nini.

Udongo uliozikwa unautambua hivi: rangi nyeusi au kahawia zaidi ya walio jirani, vishimo vya mizizi, mabonge yanayovunjika kwa kona, pengine vipande vya mkaa. Mpaka wake wa juu huwa umekatika safi, kama kwa wembe, kwa kuwa pumisi iliushukia ghafla. Mpaka wake wa chini hufifia taratibu, kwa kuwa udongo wenyewe ulizaliwa kutokana na tabaka lililo chini. Safi juu, ukungu chini. Ukilikamata hilo, nusu ya ukuta umeshaisoma.

Hatua ya 4: Lilinyesha, liliporomoka au lilisombwa?

Kila tabaka la volkano lazima ulihoji swali hili. Majibu ni matatu, na kila jibu lina hatari yake kwa watu wa leo.

Lililonyesha ni lile lililopanda angani kwenye nguzo ya majivu kisha likadondoka. Linatandika ardhi kama shuka kitandani: unene wake ni karibu uleule kilimani na bondeni. Vipande vina kona kali, vinalingana ukubwa, vinagusana, na katikati yake kuna nafasi tupu bila unga. Chota kiganjani, vinabiringika kama bisi. Angalia pia mpangilio: vikubwa vikiwa chini na vidogo juu, mlipuko ulikuwa unapoa; vikubwa vikiwa juu, ulikuwa unazidi nguvu.

Lililoporomoka lilikuja kwa kutambaa: wingu la gesi ya moto, majivu na mawe lililoshuka mteremkoni kwa kasi asiyoweza kuikimbia mtu. Hujaza mabonde na kuwa jembamba au kupotea kabisa kwenye migongo. Ndani yake kila kitu kimechanganyika, jiwe la kichwa cha mtoto limezama kwenye unga. Mkaa wa miti iliyoungua ni wa kawaida.

Lililosombwa ni pumisi ya zamani iliyohamishwa na maji. Vipande vyake vimelainika kona, kuna mistari midogo iliyolala mshazari, na kokoto za mtoni zimejichanganya.

Hapo ndipo nilipowahi kuaibika. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipima pumisi ya karibu mita tatu kwenye korongo, nikaiandika kwa furaha, nikachora ramani inayoonyesha kwamba mlipuko ulikuwa mkubwa kuliko alivyosema mtu yeyote. Mzee mmoja aliyekuwa akichimba mchanga pale alichukua kipande, akakizungusha kwenye vidole, akaniuliza, "Mwanangu, hili jiwe lina kona?" Halikuwa na kona. Nilikuwa nimepima mafuriko. Msimu mzima wa vipimo vya mabondeni niliufuta kwa kifutio.

Hatua ya 5: Pima na uandike

Tundika futi kutoka juu, sifuri ikiwa usoni mwa ardhi. Kama matabaka yameinama, pima unene kwa pembemraba na tabaka, si wima. Piga picha ukiwa na kitu cha kulinganisha ukubwa, na usiweke kofia yako. Hakuna ajuaye kichwa chako kina ukubwa gani. Futi iliyofunguliwa inatosha.

Majina ya chembe yamewekwa kwa ukubwa tu: chini ya milimita 2 ni majivu, 2 hadi 64 ni lapili, zaidi ya 64 ni mabomu (yaliyorushwa yakiwa bado laini) au mabonge (yaliyorushwa yakiwa mwamba mgumu). Katika kila tabaka la kunyesha tafuta vipande vitano vikubwa vya pumisi, na vitano vikubwa vya mwamba mzito, yaani vile vilivyong'olewa kwenye koo la mlima wakati wa kulipuka. Pima urefu wa kila kimoja, andika wastani. Vile vizito vina faida ya pekee: havivunjiki ovyo vinapoanguka, kwa hiyo vinaeleza vizuri zaidi nguzo ya majivu ilifika juu kiasi gani.

Ukurasa wa daftari uonekane hivi. Namba hizi ni za kufundishia:

0–38 sm: udongo mweusi wa shamba, mizizi ya migomba.
38–46 sm: majivu ya kijivu, laini, yamevurugwa na mizizi, mpaka wa juu haueleweki.
46–118 sm: pumisi, kona kali, vinagusana, hakuna unga, vikubwa viko juu, pumisi kubwa wastani sm 4.1, mwamba mzito wastani sm 1.3, mpaka wa chini safi kabisa.
118–160 sm: udongo wa kahawia, mfinyanzi, mkaa kwenye sm 121.
160 sm na kuendelea: pumisi ya manjano iliyooza, inabonyea kwa kidole, mwisho wake haujafikiwa.

Soma sasa kutoka chini. Mlima ulinyesha pumisi, ukanyamaza muda mrefu hadi pumisi ikageuka udongo, kitu kikaungua, pumisi ya pili ikashuka huku nguvu ikipanda, baadaye majivu kidogo, halafu migomba. Andika "mwisho haujafikiwa" bila haya. Ni bora kuliko kubuni sakafu.

Hatua ya 6: Chukua sampuli

Anza na tabaka la chini, panda juu, ili vumbi la unachochimba lisidondokee usichochimba bado. Kilo moja ya pumisi kwa kila tabaka inatosha; kwa majivu laini, nusu kilo. Tabaka nene chukua chini, kati na juu, mifuko mitatu tofauti. Andika namba juu ya mfuko kwa maka peni na pia kwenye kikaratasi cha penseli ndani, kwa kuwa mifuko husuguana njiani na wino hufutika.

Mkaa usiushike kwa vidole wala usiufunge kwa pamba au karatasi. Vyote hivyo vina kaboni na vitaharibu umri. Tumia ncha ya kisu safi na foili. Tena kumbuka unachopima: mkaa ulio kwenye udongo chini ya pumisi unakwambia kwamba mlipuko ulitokea baada ya umri huo. Mkaa wa mti ulioungua ndani ya tabaka lililoporomoka unakukaribisha zaidi kwenye siku yenyewe. Kipimo cha kaboni 14 hufika kama miaka 50,000. Zaidi ya hapo wataalamu hutumia gesi ya arigoni iliyonaswa ndani ya fuwele, na ndivyo majivu ya Laetoli yenye nyayo za binadamu wa kale yalivyopewa miaka milioni 3.66.

Kuna umri mwingine usiohitaji maabara. Mlipuko wa mwisho wa Kyejo, ulioacha mkondo wa lava kwenye mteremko wa kaskazini magharibi, umewekwa karibu na mwaka 1800 kwa masimulizi ya wenyeji. Kwa hiyo unapoketi na wazee, beba daftari.

Hatua ya 7: Mezani

Kausha sampuli kivulini. Chekecha kwa nyavu za milimita 16, 8, 4, 2, 1, 0.5, 0.25, 0.125 na 0.063, upime uzito unaobaki kila wavu. Tikisa kwa mkono. Mashine ya kutikisa husaga pumisi na kukuzalishia majivu ambayo mlima haukuyatoa. Kama uzito mwingi umekaa kwenye nyavu mbili tatu tu, una ushahidi wa pili kwamba tabaka lilinyesha. Ukisambaa kwenye nyavu zote, rudi kwenye swali la hatua ya 4.

Baada ya hapo osha chembe chache, ziangalie kwa darubini. Kioo cha volkano kina kingo zilizopinda kama vigae vya balbu iliyovunjika, alama za mapovu ya gesi. Kwa mwamba mgumu, omba idara ya jiolojia ya chuo ikukatie kipande chembamba cha milimita 0.03, kwa unene huo mwanga hupenya na madini hujitambulisha kwa rangi. Kemia ya kioo ndiyo alama ya vidole ya mlipuko: pumisi mbili zinazofanana kwa macho, moja ya Ngozi na moja ya Rungwe, hutenganishwa hapo.

Pumisi iliyooza usiitupe, ila usiiamini kwa kemia. Mvua ya Rungwe hunyonya sodiamu na silika kwenye kioo, kinachobaki ni mfinyanzi. Ol Doinyo Lengai ni mbaya zaidi kwa hilo: lava yake ya kaboneti, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe kwa saa au siku chache ikikutana na unyevu, na madini yake, likiwemo nyerereite lililopewa jina la Mwalimu, huyeyuka kwa mvua. Kule, sampuli mbichi hufungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa papo hapo, la sivyo unabeba nyumbani kitu kingine.

Kama majivu yako ni membamba mno kuonekana shambani, jaribu ziwani. Ziwa Masoko, kusini mwa Tukuyu, ni shimo la mlipuko lililojaa maji. Chini yake matope hutulia mwaka hadi mwaka, na hata majivu ya milimita chache yamehifadhiwa. Watafiti wamechukua nguzo za matope hayo na kuhesabu majivu moja baada ya jingine. Hiyo si kazi ya sepetu, lakini matokeo yake yasome kabla ya kuamua kwamba ukuta wako umekuambia kila kitu.

Hatua ya 8: Ramani na ujazo

Ukiwa na kuta 20 au zaidi, weka unene wa tabaka lilelile kwenye ramani na uunganishe namba zinazolingana. Mistari hiyo itakuonyesha koo la mlima lilipo na upepo ulivyovuma siku ile. Ikirefuka upande mmoja, upepo. Ikiwa duara, hali ilikuwa tulivu.

Ujazo unapatikana kwa hesabu ya jioni moja. Chukua eneo lililo ndani ya kila mstari, tafuta kipeuo chake cha pili. Tuseme mstari wa sm 100 unazunguka km² 100 (kipeuo 10) na wa sm 50 unazunguka km² 400 (kipeuo 20). Unene umepungua nusu kwa kila kilomita 10 za kipeuo, hivyo kasi ya kupungua, k = 0.693 (logi asilia ya 2) ÷ 10 = 0.0693. Ukirudi nyuma hadi kipeuo sifuri, unene unakuwa sm 200, yaani km 0.002. Ujazo = 2 × 0.002 ÷ (0.0693 × 0.0693), karibu km³ 0.83. Kwenye kipimo cha ukubwa wa milipuko, km³ 0.1 hadi 1 ni daraja la 4. Ukivuka 1 uko la 5.

Lakini huo ni ujazo wa pumisi pamoja na matundu yake. Kama tabaka lina kilo 600 kwa mita ya ujazo na mwamba mgumu 2,500, magma halisi, yaani mwamba ulioyeyuka bila matundu, ni 0.83 × 600 ÷ 2,500, kama km³ 0.2. Majivu laini yaliyoangukia ziwani au ng'ambo ya mpaka hayamo kabisa, basi namba yako ichukulie kuwa ya chini.

Ramani ikishakauka, irudishe kijijini. Mwonyeshe fundi wa vyoo mistari yako na nafasi tupu zilizobaki. Mimi nilipofanya hivyo, aliweka kidole kwenye doa jeupe kubwa kuliko yote na kusema kuna familia inaanza kuchimba hapo Jumatatu, shimo la futi 12. Nilifika saa moja asubuhi na mwiko.